Magodoro yakishagawiwa: nani ana dhamana ya kurejesha maisha baada ya maafa Zanzibar?

Mvua za masika zikizidi kipimo mjini Unguja, yanayofuata yanajulikana. Maji hutuama Mwanakwerekwe, Kibondemzungu, Sebleni na mitaa mingine ya bondeni; familia hukimbilia kwa jamaa au hupelekwa katika skuli iliyo karibu; na haipiti muda kabla ya viongozi kufika wakiwa na magodoro, mashuka, mchele, sukari na mafuta ya kupikia. Dua husomwa, picha hupigwa, na taarifa ya habari ya usiku hueleza kwamba Serikali iko pamoja na waathirika. Hakuna ubaya katika hayo. Mama aliyelowa na watoto wake anahitaji godoro usiku ule ule, na anayelidharau godoro hilo huenda hajawahi kulala juu ya mkeka unaochuruzika maji. Shida huanza pale msaada wa wiki ya kwanza unapokuwa ndio mwanzo na ndio mwisho wa yale ambayo mwananchi anaweza kuyatarajia kwa Serikali yake, kwa sababu nyumba iliyopasuka kuta haisimami tena kwa mchele, wala biashara iliyozama haifufuki kwa shuka.

Mjadala wa kurekebisha namna nchi inavyokabiliana na maafa huelekea zaidi kwenye kasi: boti za uokozi ziongezwe, maghala ya vifaa yajengwe karibu na wananchi, namba ya dharura ipokelewe haraka. Hayo ni ya lazima, na Zanzibar imepiga hatua katika baadhi yake. Hoja ya makala haya ni nyingine. Uokozi una wenyewe, na misaada ya mwanzo ina wenyewe, lakini urejeshaji, yaani ile kazi ndefu ya kumfikisha mtu pale alipokuwa au mahali palipo salama zaidi, hauna mwenyewe anayejulikana, hauna fungu lake la fedha, na hauna orodha inayoaminika. Mageuzi yoyote yasiyoligusa jambo hilo yataongeza magari na sare tu.

Mamlaka yaliyogawanyika

Kwanza lazima kueleweka nani anaamuru nini, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa sababu Zanzibar ina Serikali yake ndani ya Jamhuri ya Muungano. Maafa yenyewe hayamo katika orodha ya Mambo ya Muungano iliyoambatanishwa na Katiba ya Jamhuri. Kwa hiyo Tanzania Bara ina sheria yake ya usimamizi wa maafa, iliyopitishwa upya mwaka 2022, pamoja na idara iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na Zanzibar ina Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015 na kuwekwa chini ya Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais. Mpaka hapo mambo ni mepesi.

Lakini orodha hiyo hiyo ya Mambo ya Muungano inataja utabiri wa hali ya hewa, polisi, ulinzi, mikopo ya nchi za nje, na mamlaka juu ya hali ya hatari. Maana yake ni kwamba tahadhari ya upepo mkali inayomzuia nahodha wa Mkoani, Pemba, asitoke hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo ni taasisi ya Muungano. Boti inayokwenda kumtafuta aliyezama inaweza kuwa ya KMKM, ambacho ni kikosi cha kuzuia magendo cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, au ya jeshi la wanamaji, ambalo ni la Muungano. Majeruhi hupokelewa katika hospitali ya Serikali ya Mapinduzi. Na kama balaa ni kubwa kiasi cha kutangaza hali ya hatari, mwenye kutangaza ni Rais wa Jamhuri ya Muungano. Katika siku za mwanzo mgawanyo huo hauleti madhara makubwa, kwani mbele ya watu wanaozama hakuna anayeuliza mshahara wa mwenzake unatoka hazina ipi. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani mwanzoni mwa Mei 2024, tahadhari zilitoka mapema na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa kabla upepo haujafika. Huo ulikuwa utendaji wa kupigiwa mfano, na ulihusisha taasisi za pande zote mbili.

Miezi sita baadaye hali huwa nyingine. Kamisheni inaratibu, haijengi nyumba, haichimbi mitaro, haigawi viwanja, wala haina uwezo wa kuiamuru wizara ya fedha itoe hata shilingi moja. Nyumba iliyoko bondeni inaihusu mamlaka ya mipango ya ardhi, mtaro unaihusu wizara ya ujenzi au baraza la manispaa, mtoto aliyepoteza madaftari anaihusu wizara ya elimu, na mkopo wa kufufua biashara unaihusu taasisi nyingine kabisa. Kila mmoja anatimiza wajibu wake kwa ratiba yake, na mwathirika ndiye anayebeba kazi ya kuratibu, akipanda daladala kutoka ofisi moja hadi nyingine na bahasha yake mkononi.

Watu wasio na kaburi

Anayetaka kuona urejeshaji unavyokwama pasipo kumbukumbu sahihi, airejee meli ya Spice Islander. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli hiyo, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imepakia kupita uwezo wake, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Baadhi ya walionusurika walielea juu ya magodoro yaliyokuwa sehemu ya mizigo, na miongoni mwa waliowafikia mwanzo walikuwa wavuvi wa Nungwi na watu wa hoteli za kaskazini kwa vyombo vyao wenyewe. Maiti zilipelekwa viwanja vya Maisara, ambako jamaa walipita kati ya safu wakifunua nyuso. Maiti zilizopatikana zilikuwa takriban 200. Tume ya uchunguzi iliyoundwa na Rais wa Zanzibar ilikuja kufikia hesabu ya watu zaidi ya 1,500 waliofariki au kupotea.

Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ilisumbua takwimu, na ilisumbua nyumba za watu zaidi. Katika visiwa ambavyo karibu kila familia ni ya Kiislamu, mtu asiyeonekana, si hai wala maiti, ana hukumu zake. Mkewe hawezi kuanza eda ya miezi minne na siku kumi mpaka ithibiti kwamba amefiwa, na mali haiwezi kugaiwa mpaka kadhi aridhike kuwa aliyepotea amefariki. Tarehe inayotajwa katika hukumu hiyo inaweza kuamua nani anarithi na nani harithi, hasa pale baba na watoto walipokuwa chombo kimoja. Upande wa ofisi, cheti cha kifo kinahitaji ushahidi, na bila ya cheti hicho akaunti ya benki haifunguliwi, mafao ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii hayatoki, na hata shamba la mikarafuu lililobaki linakuwa la kugombaniwa. Ushahidi ambao ungemaliza yote hayo kwa siku moja ulikuwa karatasi ndogo sana: orodha kamili ya abiria, iliyoandikwa kabla meli haijang'oa nanga na nakala yake ikaachwa nchi kavu.

Miezi kumi baadaye, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam, na waziri wa Zanzibar aliyekuwa na dhamana ya miundombinu akajiuzulu. Kujiuzulu ni jambo la heshima katika nchi ambazo viongozi hawalifanyi kwa urahisi, lakini hakumsaidii mjane kupata cheti. Kilichosaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni mambo mawili yasiyo na mvuto wa siasa: kuandikwa kwa jina la abiria na kitambulisho chake wakati wa kukata tiketi, na Serikali kununua meli yake, MV Mapinduzi II, iliyowasili mwishoni mwa mwaka 2015 ikiwa na uwezo wa kuchukua abiria 1,200. Meli hiyo ni mfano wa urejeshaji kwa maana yake kamili, kwani iligusa sababu iliyowafanya watu wa Pemba wajazane katika chombo kibovu, nayo ni uchache wa vyombo vizima katika njia ambayo hawana budi kuipita. Ilichukua miaka minne. Katika miaka hiyo hapakuwa na ofisi moja ambayo mwananchi angeweza kwenda kuuliza kazi ya urejeshaji imefikia wapi.

Fedha ambazo si za aina moja

Sehemu kubwa ya manung'uniko baada ya maafa hutokana na kuchanganywa kwa fedha ambazo hazifanani hata kidogo. Rambirambi ni mkono wa pole kwa wafiwa. Mtoaji hutoa kwa hiari yake, na aliyepewa hawezi kusema amepunjwa. Msaada wa dharura ni wa kumwezesha mtu kuishi siku chache zijazo, na haki yake inatokana na uhitaji tu, hata kama aliyeathirika ndiye aliyejenga pasipostahiki. Fidia ni deni: inatoka kwa mwenye makosa, awe mwenye meli, mkandarasi au taasisi ya umma, na inadaiwa kwa sheria, mahakamani ikibidi. Kisha kuna fedha za urejeshaji wenyewe, ambazo si huruma wala si deni la kosa; ni uamuzi wa Serikali kwamba ni faida kwa nchi nzima mwananchi huyu arudi kuzalisha badala ya kubaki tegemezi.

Zikichanganywa, kila upande hukasirika kwa haki. Serikali ikitoa rambirambi, mwenye meli hujiona amepumua, na mfiwa hudhani kuwa ameshalipwa. Wananchi wakichangia kwa moyo wa msaada, halafu michango ikaenda kwenye ujenzi wa majengo ya umma, huona wamedanganywa. Hilo lilitokea Kagera baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9. Serikali ilishikilia msimamo kwamba michango itengeneze kwanza skuli, vituo vya afya na barabara, na kwamba mwenye nyumba atajijengea mwenyewe. Msimamo huo una hoja za kuutetea, kwa kuwa skuli ni ya wote na nyumba ni ya mmoja. Kasoro yake ilikuwa kutamkwa baada ya fedha kukusanywa. Katika tukio hilo hilo watendaji wa mkoa waliondolewa kazini kwa tuhuma za kufungua akaunti ya benki yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa, na kwa tuhuma za namna hiyo imani ya mchangiaji hutoweka na hairudi kwa urahisi.

Zanzibar inaweza kuliepuka hilo kwa kanuni fupi inayotangazwa wakati wa kiangazi, kabla hajatokea wa kulia: ni kiasi gani cha michango kitakwenda kwa kaya moja moja, kiasi gani kwa miundombinu, nani anakagua, na taarifa itatoka lini. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo tayari inashughulika na zaka na sadaka, ina uzoefu ambao ofisi nyingi za Serikali hazina: wa kushika mali ya mtu kwa sharti lililowekwa na mtoaji na kutolivunja. Sioni kwa nini fungu la michango ya maafa lisisimamiwe kwa nidhamu ya aina hiyo.

Kuna pia kikwazo cha kalenda, ambacho ni cha kawaida sana kiasi kwamba hakitajwi. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai na kumalizika Juni, na masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Maana yake mafuriko makubwa ya Zanzibar hutokea katika robo ya mwisho, wakati mafungu ya wizara yamekaribia kwisha na kila mhasibu anafunga vitabu. Ombi la fedha linalopelekwa Mei hujibiwa kwamba bajeti imekwisha, na likipelekwa tena Julai, maji yameshakauka na haraka yake imekauka pamoja nayo. Fungu la akiba lisilofutwa tarehe 30 Juni, linalobaki na salio lake mwaka hadi mwaka, lingetatua zaidi kuliko semina kumi. Kwa maafa yanayozidi uwezo wa fungu hilo, nchi nyingine zimejiwekea mikopo ya akiba. Kenya ilikubaliana na Benki ya Dunia mwaka 2018 kuhusu mkopo wa dola milioni 200 unaoweza kuchotwa mara tu maafa yanapotokea. Zanzibar ikitaka njia hiyo italazimika kupitia Serikali ya Muungano, na mazungumzo ya namna hiyo hayafanyiki watu wakiwa juu ya mapaa.

Daftari la sheha

Tuteremke sasa hadi kwenye shehia, ngazi ya chini kabisa ya utawala Zanzibar inayoongozwa na sheha, kwa sababu huko ndiko sera yote inakogeuka kuwa mstari mmoja wa wino. Mvua imenyesha usiku kucha. Asubuhi sheha anapigiwa simu kutoka wilayani: orodha ya walioathirika ifike kabla ya adhuhuri. Anatoka na daftari la kawaida la skuli, amelipiga mistari kwa rula: jina la mwenye nyumba, idadi ya watu, uharibifu uliotokea. Anaingia katika nyumba ya vyumba vinne. Chumba kimoja anakaa mwenye nyumba na mkewe, cha pili kijana wao aliyeoa na mtoto mchanga, cha tatu mpangaji aliyetoka Micheweni kutafuta kazi, na cha nne ni cha bi mkubwa mjane, ambaye humo ndimo alimoweka friji yake ya kuuzia barafu. Sheha anaandika jina moja, watu saba, kuta mbili zimeanguka. Anakwenda nyumba ya pili.

Jioni linaletwa godoro moja na mchele wa kaya moja. Kijana na mkewe wana jiko lao na chungu chao, lakini hawamo katika orodha. Mpangaji hamiliki ukuta wowote, kwa hiyo hana uharibifu wa kuandikwa, ijapokuwa nguo zake, cheti chake cha kuzaliwa na kodi ya miezi mitatu aliyolipa mbele vyote vimekwenda na maji. Friji ya bi mkubwa, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimlisha, haina safu katika daftari. Hali ni hiyo hiyo kwa mkulima wa mwani wa pwani ya mashariki, ambaye kamba zake zinazochukuliwa na bahari iliyochafuka hazihesabiwi kwa sababu si nyumba, na kwa mkulima wa mpunga wa Pemba ambaye bonde lake limeingiliwa na maji ya chumvi: hakuna ukuta ulioanguka, hakuna picha ya kupigwa, ila hatavuna mwaka huu na pengine hata mwaka unaokuja.

Sheha huyo si mzembe wala si mwizi. Amepewa kazi ya watu watano, nusu siku, bila fomu, na chochote atakachokiandika kitatiliwa shaka na nusu ya mtaa. Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, naye ndiye anayemthibitisha mkaazi katika mambo mengi yakiwemo ya vitambulisho. Katika visiwa ambavyo siasa za vyama zimewahi kugawa hadi misiba, orodha inayotoka katika kalamu ya mtu mmoja haitaaminiwa na wote hata akiwa mwadilifu kupindukia. Kuorodhesha kwa kaya badala ya nyumba, kuandika nyenzo za kazi pamoja na kuta, kuibandika orodha ukutani pa skuli na kuisoma msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kisha kutoa siku saba kwa mwenye malalamiko kusikilizwa na kamati yenye mwalimu, imamu na akina mama: hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkopo kutoka nje.

Kazi hiyo isiachiwe siku ya mafuriko. Zanzibar inazo tayari orodha zinazoishi. Tangu Aprili 2016 Serikali inalipa pensheni jamii kwa kila mzee aliyefikia umri wa miaka 70, na kaya maskini za Unguja na Pemba zimeandikishwa chini ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania. Mzee anayelipwa kila mwezi anajulikana anapoishi. Kaya inayopokea ruzuku ina jina na mara nyingi ina namba ya simu ya kupokelea fedha. Siku ya maafa, malipo ya nyongeza kwa walio katika orodha hizo yanaweza kutoka kabla hata daftari halijafika wilayani, na nguvu za sheha zikaelekezwa kwa wale wasiokuwemo, kama huyo mpangaji wa Micheweni. Wapo watakaosema fedha taslimu hutumiwa vibaya. Huenda, kwa baadhi. Ila aliyepewa godoro la tatu huku akihitaji dawa ya sukari ataliuza tu, kwa nusu ya bei.

Kurejesha kile kile kilichovunjika

Urejeshaji usio na mwenyewe una hatari nyingine, ya kurudisha mambo kama yalivyokuwa na kungoja yavunjike tena. Unguja ililipa gharama ya somo hilo gizani. Umeme wake ulikuwa ukipita katika waya mmoja wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, uliotandikwa mwaka 1980. Mei 2008 ikatokea hitilafu, na kisiwa kikakaa takriban mwezi mzima bila umeme. Ikatengenezwa. Tarehe 10 Disemba 2009 umeme ukakatika tena, na safari hii ikawa karibu miezi mitatu: pampu za maji zikasimama, ndoo zikabebwa kichwani katika mitaa ya mjini, hoteli zikaendeshwa kwa jenereta, na wenye vibanda vya samaki wakatupa mali yao. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulikuja kukamilika mwaka 2013 kwa ufadhili wa Marekani. Hakukuwa na kimbunga wala tetemeko katika kisa hiki; kulikuwa na kifaa kilichozeeka, kikazibwa kiraka, kikavunjika tena.

Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa nyumba ya bondeni. Mitaro iliyojengwa mjini chini ya mradi wa huduma za miji, uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipunguza maji katika baadhi ya mitaa iliyokuwa ikizama kila mwaka, na hilo lilifanyika kwa sababu fedha hizo zilikuwa na mradi, meneja na tarehe ya kumalizika. Penye mtaro mzuri hakuna haja ya magodoro. Lakini yako mabonde ambayo hayatakauka kwa mtaro wowote, kwa kuwa yalikuwa maziwa kabla hayajawa mitaa, na hapo Serikali inakabiliwa na swali gumu kuliko yote: je, imsaidie mtu kujenga upya pale pale, au imhamishe? Kumhamisha kunahitaji kiwanja kisicho mbali na riziki yake, skuli, msikiti na njia ya daladala, la sivyo atalikodisha jumba jipya na kurudi bondeni. Kumsaidia abaki ni kutenga fedha za mafuriko yajayo. Wengine wanaona aliyejenga bila kibali asisaidiwe kabisa. Mimi nina shaka na ukali huo mpaka kwanza tujue wangapi miongoni mwao waliuziwa kiwanja mbele ya shahidi wa Serikali, wakaunganishiwa umeme na maji, kisha wakaambiwa hawatambuliki.

Historia yenyewe inaonyesha urejeshaji ukiachwa ujiendee unafika wapi. Kimbunga cha Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, wenye mashamba wengi wa Unguja walikuwa na madeni, na hapakuwa na chombo cha kuwasaidia kupanda upya kwa wakati. Uzito wa zao hilo ukahamia Pemba, na haujarudi mpaka leo.

Wakubwa nao wamekwama

Mtu asidhani kwamba udhaifu huu ni wa nchi maskini peke yake. Marekani iliunda shirika lake la dharura, FEMA, mwaka 1979, ikaliingiza ndani ya wizara mpya ya usalama wa ndani mwaka 2003, na miaka miwili baadaye kimbunga Katrina kikaonyesha dunia nzima jinsi shirika lililomezwa na shughuli za kupambana na ugaidi lilivyosahau mafuriko. Bunge lao likapitisha sheria ya mageuzi mwaka 2006. Hata hivyo, mpaka leo fedha zao kubwa za kujenga upya makazi, zinazopitia wizara ya nyumba, hazina sheria ya kudumu: baada ya kila balaa kubwa Bunge hulazimika kuziidhinisha upya, na waliobomokewa husubiri kwa miaka. Jambo moja wanalo ambalo tunaweza kulichukua bila ya utajiri wao. Uwiano wa gharama umeandikwa katika sheria kabla ya balaa. Serikali kuu hubeba si chini ya asilimia 75 ya matengenezo ya miundombinu ya umma iliyoharibiwa, na jimbo hujua mapema kilichobaki ni chake. Kwetu, nani abebe nini kati ya Serikali ya Muungano, Serikali ya Mapinduzi na manispaa hujadiliwa upya kila tukio, na jibu hutegemea nani anafahamiana na nani.

Kinachohitajika, basi, ni marekebisho ya sheria ya mwaka 2015 yatakayompa mtu mmoja, mwenye cheo na jina, dhamana ya urejeshaji kwa kila tukio lililotangazwa, na muda wake uhesabike kwa miaka. Awe na uwezo wa kuziita wizara na kuzitaka zijibu kwa maandishi. Awe na fungu lisilofutwa mwisho wa mwaka. Aishike orodha ya kaya, ile iliyobandikwa ukutani, na kila kaya isiondolewe mpaka iwe imerudi kwake, imehamishwa, au imesema yenyewe kwamba haihitaji tena. Wizara ya fedha itaogopa kuwa huku ni kufungua mlango wa madai yasiyo na mwisho, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Dawa yake ni kuweka kikomo cha msaada kwa kila kaya katika kanuni, kijulikane na kila mtu, badala ya kuacha kila aliyeathirika atarajie alichokisikia jukwaani.

Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais huwasilisha bajeti yake katika Baraza la Wawakilishi kila mwaka, katika kipindi ambacho masika ndiyo kwanza yanaisha. Pale pangeongezwa jedwali moja la matukio ya miaka mitano iliyopita, likionyesha kwa kila shehia idadi ya kaya zilizoandikwa, zilizorudi katika makazi yao, na ambazo bado zimehifadhiwa kwa jamaa. Mwakilishi wa jimbo lenye bonde asingehitaji hotuba ndefu. Angeisoma safu ya mwisho na kuuliza kwa nini haijapungua tangu mwaka jana.